Winogradsky, mutu aliyeona wafanyakazi wa ndani ya maji

Kwa wengi wetu hapa Lubumbashi, bahari ni kitu cha kusikia tu. Uende upande wa Lobito ao upande wa Dar es Salaam, utapita zaidi ya kilometa 1,000 mbele ya kuonja maji ya chumvi. Lakini ku pwani ya Kenya kuko wavuvi wanaozamia na nyavu ndogo, na samaki wanaotafuta si wa kula. Wanakamata samaki wadogo wa rangi, wa bluu, wa manjano, wenye michirizi, na wanawakamata wakiwa wazima. Samaki hao wanangojea siku kidogo ndani ya masanduku ya maji, kisha wanapanda ndege kwenda Ulaya na Marekani. Wakifika kule, munuzi mwenye akili hawachanganyi mara moja na samaki wake wa zamani. Anawatia kwanza mu karantini: sanduku la kioo la pembeni, kusudi kama mumoja ametoka na ugonjwa, asiwaambukize wengine.

Ni mule ndani ya karantini munatokea jambo lenye kushangaza kila mutu anayeanza hii kazi. Sanduku ni mupya. Limeoshwa vizuri. Maji ni safi, chumvi imepimwa, hakuna hata vumbi. Samaki anaingia akiwa na nguvu. Kisha siku mbili tatu anaanza kupumua mbio-mbio, anapanda juu kutafuta hewa, anakataa chakula. Kisha siku zingine kidogo, amekufa. Mu dimbwi la zamani, lenye majani na matope, samaki wanaishi. Mu sanduku safi, wanakufa.

Mutu aliyetuonyesha sababu yake hakuwa mufugaji wa samaki. Alikuwa anachunguza udongo na maji ya chemchem, na jina lake ni Sergei Winogradsky. Leo tunasimulia maisha yake, juu yanagusa samaki, yanagusa mashamba, na yanagusa pia mawe yenye tunachimba.

Mutoto wa tajiri asiyejua kazi yake

Winogradsky alizaliwa tarehe 1 Mwezi wa 9, 1856, mu muji wa Kiev. Leo Kiev ni muji mukubwa wa Ukraine, lakini wakati ule ulikuwa chini ya mufalme wa Urusi. Jamaa yake ilikuwa na mali na mashamba. Hakujua njaa. Shida yake ilikuwa ingine: hakujua kazi gani inamufaa.

Alianza masomo ya sheria, akayaacha. Akaonja masomo ya sayansi, yakamuchosha. Mu 1875 akaenda Saint-Pétersbourg kujifunza piano ku shule kubwa ya muziki, na mwalimu wake alikuwa Leschetizky, mumoja wa walimu wa piano waliojulikana kupita wote mu Ulaya. Kisha miaka mbili, akaacha piano pia. Ingekuwa kwetu, wajomba wangekusanyika kuuliza mutoto huyu amelogwa na nani.

Mu 1877 alirudia sayansi, ku universite ya Saint-Pétersbourg, na mara ile hakutoka tena. Alipewa kazi ya kuangalia chachu yenye inaota juu ya mvinyo. Alikuwa anabadilisha chakula chake kidogo kidogo na kuandika namna ile chachu inabadilika. Ni pale alipata desturi yenye ilimusaidia maisha yote: kama unataka kujua kiumbe kidogo ni nani, usiangalie sura yake tu, angalia posho yake. Wakati huo alikuwa amekwisha kuoa; yeye na bibi yake Zinaida walipata wabinti wane.

Viumbe vinavyochoma salfa kama makala

Mu 1885 alienda Strasbourg, muji wenye wakati ule ulikuwa mu mikono ya Wajerumani, kutumika kwa profesa de Bary, mutu mukubwa wa elimu ya mimea na uyoga. Pale alichagua kuchunguza kiumbe chenye kinaitwa Beggiatoa. Ni nyuzi nyeupe, nyembamba sana, zenye zinaota mu chemchem za maji yenye harufu ya yai limeoza. Ile harufu inatoka ku gesi yenye salfa ndani. Ukiangalia zile nyuzi mu mikroskopi, unaona matone madogo yenye kungaa ndani ya mwili wao. Ni salfa.

Watu wa elimu wa wakati ule walikuwa wanafikiri kama ni Beggiatoa wenyewe wanaotengeneza ile gesi. Winogradsky hakukubali mbele ya kuona. Alitia nyuzi kidogo chini ya kipande cha kioo, na kila siku, mara nyingi kwa siku, alikuwa anabadilisha tone la maji lenye zinaishi ndani. Akizipatia maji yenye gesi, matone ya salfa yanaongezeka. Akizipatia maji bila gesi, matone yanapunguka mpaka kuisha, na mu maji munatokea asidi ya salfa. Akiendelea kuzinyima, zinakufa.

Kwa hiyo hazikuwa zinatengeneza gesi, zilikuwa zinaikula. Sisi tunachoma makala mu mbabula kusudi tupate moto wa kupika. Beggiatoa anachoma salfa kusudi apate nguvu ya kuishi, na majivu yake ni asidi. Ni ile asidi yenyewe yenye wafanyakazi wa viwanda vya shaba wanajua muzuri, juu ndiyo inatoa shaba ndani ya mawe.

Winogradsky aliangalia pia ule utelezi mwekundu wenye unaota mu maji ya chuma, na akafikiri kama kule pia kuko viumbe wenye wanapata nguvu kwa chuma. Maneno yake yalionekana kama ndoto: kiumbe chenye kinakula mawe! Lakini mu 1947, Wamarekani wawili walipata mu maji makali ya mugodi wa makala ya mawe bakteria yenye inaishi kwa kula chuma. Leo, mu inchi mbalimbali, makampuni yanatumikisha bakteria wa namna ile kwa kutoa shaba ndani ya mawe yenye salfa. Ni wao pia wanafanya milima ya takataka za migodi itoe maji mekundu na makali, miaka mingi kisha mugodi kufungwa.

Zurich: kuwanyima chakula kusudi waonekane

Profesa de Bary alikufa ku mwanzo wa 1888. Winogradsky akahamia Zurich, inchi ya Uswisi, na akaanza kazi yenye ilimupatia jina.

Ulizo lilikuwa hili. Kila kitu chenye kinaoza, mikojo, mbolea, mizoga, kinatoa amonia, ile yenye harufu kali inayochoma pua mu choo na mu nyumba ya kuku. Lakini mu udongo amonia haibakii. Kisha siku fulani inageuka nitrati, na nitrati ni chakula cha mimea. Nani anaigeuza? Mu 1877, Wafaransa wawili, Schloesing na Müntz, walipitisha maji machafu mu chombo kirefu kilichojaa muchanga na mawe ya chokaa. Siku makumi mbili za kwanza, hakuna kilichobadilika. Kisha amonia ikaanza kupotea, nitrati ikatokea. Wakatia mvuke wa kloroformu, dawa ya kulaza wagonjwa, na kazi ikasimama. Kitu chenye kinaweza kulazwa ni kitu chenye uhai. Basi muli viumbe mule.

Tukumbuke zile siku makumi mbili za kungojea. Tutazirudilia.

Watu wengi walitafuta vile viumbe na hawakuvipata. Desturi ya wakati ule ilikuwa kutia udongo kidogo juu ya chakula kizuri, supu ya nyama ao gelatini, na kungojea bakteria ziote. Ziliota nyingi, lakini hata moja haikujua kugeuza amonia. Winogradsky akakumbuka Beggiatoa. Akafikiri hivi: kama hawa pia hawataki supu, ile supu ni ya kulisha adui zao tu. Akaondoa chakula chote. Akatia maji safi, chumvi kidogo za mawe, chokaa na amonia. Bakteria zote zenye kuzoea karamu zikakosa nguvu, na wale wenye posho yao ni amonia wakabakia na fasi yao. Kwa kuwatenga muzuri, alitumikisha namna ya utelezi uliotengenezwa na silika, ile ya muchanga, yenye haiko chakula kwa mutu yeyote.

Mu 1890 alianza kuchapisha majibu yake kwa Kifaransa mu kitabu cha Institut Pasteur. Aliona kama kazi inafanywa na ekipe mbili. Ya kwanza inakamata amonia na kuigeuza nitriti, yenye ingali sumu. Ya pili inakamata nitriti na kuigeuza nitrati, yenye ukali wake ni kidogo sana. Takataka ya ekipe ya kwanza ndiyo posho ya ekipe ya pili, na kama ya kwanza haijaanza kazi, ya pili inakaa bure. Zote mbili zinataka oksijeni.

Kulikuwa pia jambo la kushangaza kupita lile. Wakati ule watu walijua kama ni mimea tu inajua kutengeneza mwili wake na gesi ya hewani, kwa nguvu ya jua. Winogradsky alionyesha kama bakteria hawa wanafanya vile mu giza kabisa, bila jua, kwa nguvu ya amonia peke yake. Uzima unaweza kushuka chini fasi jua haliingii na kujitafutia chakula mu mawe na mu gesi. Mutu anayetumika posta ya usiku chini ya ardhi anaweza kuelewa lile neno kupita profesa.

Sababu samaki anakufa mu maji safi

Sasa turudilie sanduku letu la karantini.

Samaki haendi choo tu kwa njia tunayoona. Amonia yake nyingi inatoka ku matamvua, pale anapopumulia, kila dakika, hata kama hajakula. Mu bahari ile amonia inapotea mara moja, juu bahari ni kubwa na wafanyakazi wa Winogradsky wako kila fasi, juu ya mawe na mu muchanga. Mu sanduku mupya la lita 50 ao 100, lenye kioo kitupu, hawako. Samaki anakaa mu mikojo yake, na macho yetu hayaoni kitu, juu amonia haina rangi mu maji. Wale wafanyakazi watakuja, lakini wanaongezeka pole pole sana. Zile siku makumi mbili za Schloesing na Müntz ndizo hizi. Mu sanduku la bahari mara nyingi inaomba juma ine mpaka sita mbele ekipe zote mbili zitimie. Samaki hawezi kungojea.

Tena maji ya bahari yanaongeza hatari. Amonia iko na sura mbili mu maji: moja ni kali, ingine ni pole, na kipimo chenye kinaamua ni pH, kile chenye kinaonyesha kama maji yanaelekea asidi ao chokaa. pH ikipanda kutoka 7 mpaka 8, sehemu ya amonia yenye ukali inakaribia kuongezeka mara kumi. Maji ya bahari yako karibu na 8.2. Amonia yenye haiwezi kufanya kitu kikubwa mu maji fulani ya muto inaweza kuua mu maji ya bahari. Joto likipanda, ni vilevile.

Kuko mutego mwingine kwa samaki wenye wamesafiri. Ndani ya mufuko wa plastiki, samaki anapumua saa nyingi na gesi yake inashusha pH. Amonia inaongezeka, lakini iko mu ile sura pole. Ukifungua mufuko, gesi inatoka, pH inapanda, na ile amonia yote inageuka kali wakati moja. Mutu anayeacha mufuko wazi saa nyingi, akifikiri anamuzoeza samaki maji mapya, anamuchoma matamvua. Wanaojua kazi wanalinganisha joto mufuko ukiwa umefungwa, wanalinganisha chumvi ya sanduku na ya mufuko mbele ya safari kuisha, kisha wanamutoa samaki haraka na maji ya mufuko wanayatupa.

Basi wanafanya namna gani ili sanduku la karantini lisiue? Wanalituma mbele kwa wafanyakazi. Wanachukua sponji, wanaiacha juma nyingi mu sanduku la zamani lenye samaki wazima, mpaka ekipe za Winogradsky zinajenga ndani yake. Siku ya kupokea samaki mupya, wanahamisha ile sponji mu karantini na kuipitishia hewa kwa pompo. Kama hakuna sponji ya vile, dawa ni kubadilisha maji: kupima amonia kila siku, na ikionekana tu, kutoa sehemu ya maji na kutia mengine yenye chumvi na joto sawasawa. Chakula wanatoa kidogo. Chenye kimebakia wanaondoa saa ileile.

Chumvi nayo inaomba macho. Maji ya bahari yanabeba karibu gramu 35 za chumvi kwa kila lita. Lakini maji yanapopanda hewani, chumvi haipande nayo. Inabakia na inazidi. Njo maana, kwa kujaza fasi ya maji yenye yamekauka, wanatia maji matamu, si maji ya chumvi.

Shaba yetu, dawa na sumu

Hapa sisi watu wa Katanga tunaingia mu habari, hata kama bahari iko mbali. Samaki wa bahari anapopata vijidudu vinavyofanya alama nyeupe ku mwili, dawa moja ya zamani sana ni shaba, yenye wazee wetu waliita mukuba. Wanaitia mu maji ya karantini, na vijidudu vinakufa wakati wanaogelea kutafuta samaki mwingine.

Lakini tuangalie kipimo. Shaba yenye wanatafuta mu maji ni karibu miligramu 0.15 mpaka 0.20 kwa lita. Ni kusema gramu moja tu ya shaba kwa lita 5,000 za maji. Chini ya pale, ugonjwa unabakia. Juu zaidi, samaki mwenyewe anakufa. Njo maana wanapima kila siku, na hawatii muchanga wala mawe ya chokaa mu karantini, juu chokaa inakamata shaba na kudanganya kipimo. Na hata kile kipimo chenye kinaponyesha samaki kinaua kamba, konokono na matumbawe. Kwa hiyo shaba haiingie hata siku moja mu sanduku kubwa la nyumba.

Mutu mwenye ameshika jiwe la shaba lenye uzito wa kilo nyingi anaweza kucheka gramu moja. Lakini ile hesabu inatufundisha ni kwa nini muto unaweza kubakia na maji meupe, mazuri kwa macho, na hakuna samaki hata mumoja ndani. Dawa nyingi pia, zile zenye zinaua bakteria za ugonjwa, zinaweza kuua wafanyakazi wa Winogradsky. Unamuponyesha samaki mapele, na unamuua kwa amonia. Kila mara unapotia dawa, unapima maji mara mbili.

Kupoteza yote ku miaka makumi sita

Kisha Zurich, milango yote ilifunguka mbele ya Winogradsky. Pasteur mwenyewe alipenda atumike kwake mu Paris. Lakini mu 1891 alichagua kurudi kwao, Saint-Pétersbourg, ku nyumba mupya ya uchunguzi wa magonjwa, ileile fasi Pavlov alikuwa anatumika. Pale alivumbua bakteria yenye inakamata azoti ya hewani na kuishi bila oksijeni, na akaipatia jina la Pasteur. Alikuwa kiongozi wa ile nyumba kuanzia 1902. Lakini mwili wake ulichoka kwa ugonjwa, na mu 1905 aliacha kazi.

Akaenda ku mashamba yake ya Gorodok, mu Podolie, upande wa Ukraine. Kwa miaka zaidi ya kumi hakugusa mikroskopi. Alikuwa mutu wa ngano, wa farasi na wa pori. Wengi walimusahau, wengine waliamini amekufa.

Kisha vita, na kisha vita mapinduzi ya 1917. Mashamba yakapotea, mali ikapotea, inchi ikaungua. Winogradsky alikimbia. Mu 1921 alikuwa Belgrade, akifundisha wanafunzi wa kilimo, bila laboratware ya kweli. Alikuwa na miaka 65. Mutu aliyezaliwa tajiri, aliyeacha kazi kwa mapenzi yake, sasa alipashwa kutafuta kazi sawa kijana.

Tunajua mu jamaa zetu namna ile siku inakuwa: kazi yenye ulifikiri ni ya maisha inaisha, na nyumba inabakia inakuangalia. Winogradsky alipata barua. Mu 1922 Émile Roux, mukubwa wa Institut Pasteur, alimuita Ufaransa, zaidi ya miaka makumi tatu kisha ile mara ya kwanza. Walimupatia nyumba ku Brie-Comte-Robert, kijiji cha mashamba kusini-mashariki ya Paris. Akaanza tena ku zero, na mumoja wa wabinti wake akamusaidia mu laboratware.

Alitumika pale karibu miaka makumi mbili. Hakupenda tena bakteria zenye kufugwa peke yao mu chupa. Alitaka kuziona fasi zinaishi, mu udongo wenyewe, zikiwa na majirani na adui zao. Mu 1935 alipewa medali ya Leeuwenhoek, yenye watu wa kazi yake wanaheshimu kupita zingine. Bibi yake akafa, vita ya pili ikaja, Wajerumani wakaingia Ufaransa, na yeye angali anaandika. Mu 1949, akiwa na miaka zaidi ya 90, alichapisha kwa Kifaransa kitabu kikubwa cha kazi yake yote juu ya udongo. Alikufa palepale Brie-Comte-Robert mu Mwezi wa 2, 1953, akiwa na miaka 96.

Kisha yeye, wengine wameongeza. Leo tunajua kama mu masanduku ya samaki ekipe ya pili mara nyingi si ile yenye yeye aliona mu udongo, na mu 2015 watu walivumbua bakteria moja yenye inafanya kazi zote mbili peke yake. Lakini njia ni ile alifungua.

Mu lupango na mu chupa

Hapa Lubumbashi hatuna karantini ya samaki wa bahari, lakini kuko jamaa zenye zinafuga tilapia mu birika za sima ao mu mapipa makubwa mu lupango. Sheria ni ileile. Birika mupya haliko tayari siku maji yanaingia. Tia samaki wachache kwanza, ngojea juma kadhaa, kisha ongeza. Maji ya robine yenye klorini yaache kwanza mu hewa, siku moja ao mbili, juu klorini inaua samaki na wafanyakazi pia. Usioshe kila kitu wakati moja. Ukisugua birika lote mpaka lingae, umefukuza kazi ekipe zote mbili. Samaki wakipanda juu kutafuta hewa asubuhi, usikimbilie dawa. Acha kuwalisha na badilisha sehemu ya maji.

Na kwa watoto, kuko kitu kimoja chenye Winogradsky aliacha, na hakiombi pesa. Kamata chupa ya plastiki yenye kuona ndani. Tia matope ya dimbwi, yenye umechanganya na vipande vya gazeti, maganda ya yai yaliyosagwa na kiini cha yai moja. Jaza maji ya dimbwi juu, acha fasi ndogo ya hewa, funika bila kukaza, juu gesi itatoka. Weka pembeni ya dirisha, usiguse. Kisha juma kadhaa matope yatajipanga yenyewe: kijani juu, nyekundu ao zambarau kati, nyeusi chini, kila rangi ni kikundi cha viumbe chenye kimechagua fasi yake na posho yake. Harufu itakuwa ya yai limeoza. Mama akiuliza ni nini inanuka mu nyumba, mumujibu ni Beggiatoa na ndugu zake.